Je, Umekuwa Hivyo Tangu Utoto? Tuujue Usonji wa Watu Wazima

Katika kila kijiji wapo watu wanaosemwa. Huyu hajui kuamkia watu. Yule ukimtania hukasirika. Mwingine akienda msibani hukaa nyuma ya nyumba peke yake. Wengine husema ana kiburi. Wengine husema amerogwa. Pengine mtu huyo ni jirani yako. Pengine ni wewe mwenyewe unayesoma maneno haya. Basi soma mpaka mwisho.

Usonji ni nini?

Usonji ni namna ubongo wa mtu unavyokua tofauti na wa wengine. Mtu huzaliwa nao. Hauambukizi. Hauletwi na uchawi, laana wala malezi mabaya. Hauletwi na chanjo pia. Mara nyingi huonekana kwa watu zaidi ya mmoja katika ukoo.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye usonji. Mtoto wa kwanza katika habari hizo aliitwa Donald Triplett. Alikua, akasoma, akafanya kazi katika benki kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Hivyo usonji hauishi utotoni. Mtoto mwenye usonji huwa mtu mzima mwenye usonji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Wako wasioweza kusema, nao huhitaji msaada kila siku. Wako pia wanaosema, wanaolima, waliooa na kuolewa. Hawa wa pili ndio ambao mara nyingi hawajulikani. Walipokuwa watoto hakuna aliyewapima.

Alama za kuangalia

1. Mazungumzo yanakuchosha. Mgeni anafika, anapewa buni za kutafuna, salamu zinafuatana. Wenzako wanajua lini waseme na lini wanyamaze. Wewe hujui, au unalazimika kufikiri kila neno.

2. Unashika maneno kama yalivyo. Mtu akisema kwa fumbo, wewe unasikia maneno matupu. Ukisema ukweli waziwazi, watu wanakasirika, nawe huoni kosa lako.

3. Kelele, harufu au nguo zinakusumbua kupita wenzako. Soko la Bukoba siku yenye watu wengi linaweza kukufanya utake kukimbia.

4. Unapenda kila jambo liende kwa utaratibu wake. Mpango ukibadilika ghafla, unafadhaika siku nzima.

5. Unapenda jambo moja na kulijua sana. Pengine ni injini za mitumbwi, mechi za mpira, au aina zote za migomba.

6. Unaiga wengine ili usionekane tofauti. Ukirudi nyumbani umechoka kabisa. Wanawake wengi hufanya hivi, na kwa sababu hiyo hawatambuliwi upesi.

Usijihukumu kwa alama moja

Katika vitabu vya nchi nyingine utasoma kwamba mtu mwenye usonji haangalii watu machoni. Kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mzee. Hiyo ni heshima, si usonji. Mtu mwenye haya naye si lazima awe na usonji.

Jiulize mambo matatu. Je, alama ni nyingi kwa pamoja? Je, zimekuwapo tangu utoto? Je, zinakuletea shida nyumbani, kazini na penye watu? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, ni vizuri upimwe.

Lakini kama mabadiliko yameanza ukubwani, hiyo ni habari nyingine. Mtu aliyekuwa mchangamfu akajitenga, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apelekwe hospitali mapema. Na anayeshindwa kufuata mazungumzo apimwe masikio pia.

Ufanye nini?

Chukua daftari na kalamu. Andika mambo yanayokushinda tangu ulipokuwa mtoto. Muulize mama, shangazi au kaka mkubwa: Nilianza kusema lini? Nilicheza na wenzangu? Andika majibu yao. Nenda na daftari hilo kwenye zahanati au kituo cha afya. Omba uandikiwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Kutoka hapo unaweza kupelekwa Bugando, Mwanza. Usonji haupimwi kwa damu. Mtaalamu hukuuliza maswali, hukuangalia, na husikiliza waliokulea.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Anayekuuzia dawa hiyo anakula fedha yako ya kahawa bure. Yanayosaidia ni mambo madogo. Waambie watu wa nyumbani wakueleze mapema mpango unapobadilika. Waombe waseme waziwazi wanachotaka. Nenda sokoni asubuhi kabla watu hawajajaa. Msibani omba kazi ya kufanya, kama kupasua kuni au kuchota maji. Hapo utakuwa pamoja na wenzako bila kulazimika kuzungumza sana.

Watu wengi wenye usonji hupata huzuni nzito, kwa sababu wamelaumiwa miaka mingi. Ukijiwa na wazo la kujiua, usingoje. Mwambie mtu unayemwamini, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe jirani, usimcheke mtu wa namna hii. Mume asiyependa maneno mengi huenda anawapenda watoto wake kama wewe. Anayechambua buni bila kuruka hata moja mbovu ana faida kubwa katika kijiji. Mpe kazi anayoiweza, na umwache apumzike anapochoka na kelele.

Maswali ya kujadiliana

1. Usonji huanza lini katika maisha ya mtu?
2. Kwa nini kuinamisha macho peke yake si alama ya usonji?
3. Katika kitongoji chenu, ni mtu gani mliyemwita mwenye kiburi? Msimtaje jina. Semeni mnavyoweza kumsaidia.