Mlima Edgecumbe

Mlima Edgecumbe ni volkeno iliyolala katika kisiwa cha Kruzof, kusini-mashariki mwa jimbo la Alaska, Marekani. Kimo chake ni mita 976 juu ya usawa wa bahari. Watlingit, wenyeji wa eneo hilo, huuita L'úx. Jina la Kiingereza lilitolewa na nahodha James Cook mwaka 1778.

Tarehe 1 Aprili 1974 moshi mweusi ulionekana ukitoka kileleni, na wakazi wa mji wa Sitka wakadhani volkeno imeamka. Kumbe mkazi mmoja alikuwa amepeleka matairi makuukuu kwa helikopta na kuyachoma ndani ya kasoko, kwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Mwaka 2022, baada ya mfululizo wa matetemeko madogo, wanasayansi waligundua kwamba magma inapanda kweli chini ya mlima.

Kufika mlimani

Kisiwa hakina mji wala daraja. Wapandaji hutoka Sitka, takriban kilomita 16 upande wa mashariki, kwa boti ya injini au kwa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa kila upande. Chombo hiki si kigeni huko: Warusi walipotawala Alaska waliwaleta wawindaji Waaleuti na kayaki zao kuwinda fisi-maji wa baharini.

Ugumu wa safari uko baharini kuliko mlimani. Visiwa vidogo hukinga sehemu ya njia, lakini palipo wazi mawimbi ya Pasifiki huingia moja kwa moja, na kutua ufukweni bahari ikichafuka ni hatari. Maji ni baridi kiasi kwamba aliyepinduka huishiwa nguvu za mikono mapema. Kayaki huvutwa hadi juu ya alama ya maji kujaa na kufungwa kwenye mti; ikichukuliwa na maji, mwenyewe amekwama.

Njia ya kupanda ina urefu wa kilomita 11 hivi. Huanza msituni na kwenye vinamasi, makazi ya dubu wa kahawia, kisha hutokea kwenye mteremko mkali wa majivu mekundu, ambako nguzo huonyesha njia wakati wa ukungu. Upepo ukivuma wakati wa kurudi, wapandaji hulala kisiwani hadi bahari itulie, kwa hiyo chakula cha siku za ziada hubebwa tangu Sitka.