Nyumba Mbovu, Mahali Pazuri

Pesa ya ufuta huanza kuingia Kiranjeranje, wilayani Kilwa, mwezi Juni, minada ya stakabadhi ghalani ikishafunguliwa, na hapo ndipo wanunuzi wa nyumba wanapojitokeza. Masika yamepita, kuta zimekauka, muuzaji ameshapiga chokaa. Mnunuzi anaona bati lililooza na dirisha lisilo na mbao, anaomba apunguziwe, wanaandikishana. Amekagua vitu ambavyo fundi angevimaliza kwa wiki mbili, akaviacha vile ambavyo hakuna fundi anayeviweza.

Paa bovu lisikutishe. Kinachoharibu ununuzi ni mahali nyumba ilipo.

Anza na barabara. Kiranjeranje imekaa kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na tangu Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, kuhesabia katikati ya barabara. Pima mwenyewe hadi ukutani. Tafuta pia alama ya X: nyekundu maana yake bomoa bila fidia, ya kijani ina haki ya fidia. Chokaa mpya huweza kuifunika, kwa hiyo waulize TANROADS, wakala wa barabara, kabla ya kumsikiliza dalali.

Kisha maji. Mafuriko ya Januari 2020 yaliwakumba watu wengi wa Kilwa, na mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara hii hii upande wa Somanga. Nyumba iliyoingiwa na maji huacha ushahidi: mstari wa rangi ya udongo ukutani, plasta inayotoa unga mweupe wa chumvi, miguu ya milango iliyovimba. Usiutafute sebuleni, palipopakwa rangi. Ingia stoo na chooni. Waulize majirani maji yalifika wapi. Hao hawana kamisheni.

Mahali pakikuridhisha, ndipo uikague nyumba yenyewe. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kwenye plasta ni za plasta tu. Ufa wa kuogopwa huanzia kona ya dirisha, ukashuka kimshazari, ukapasua tofali zenyewe na kuonekana tena upande wa nje. Huo unasema msingi umeshuka. Swali ni kama bado unashuka. Bandika donge dogo la saruji juu ya ufa, andika tarehe pembeni, urudi mvua zikishanyesha. Donge likipasuka, msingi unatembea. Likibaki zima, ufa huo huenda ni wa zamani na unazibika.

Nyumba ya miti na udongo wengi huidharau, na mimi naona hawaitendei haki. Chimbua udongo chini ya nguzo, uchome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye mkate, mchwa wamekutangulia. Lakini nguzo hubadilishwa mojamoja, nyumba ikiwa bado imesimama. Nikiambiwa nichague kati ya hiyo iliyo mwinukoni na ya tofali za saruji iliyo bondeni, nachukua ya udongo. Ila usiipige plasta ngumu ya saruji ukadhani umeiimarisha: unyevu hunaswa ndani, plasta huachia, na miti inaoza bila wewe kuona. Plasta ya udongo au ya chokaa huuacha ukuta upumue. Misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani ni ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingine zimesimama karne nyingi.

Kwenye bei, ulizia kwanza kiwanja kitupu cha jirani kinauzwaje. Unachoongeza juu ya hapo kiwe ni thamani ya kile fundi anachosema kitabaki kimesimama. Msingi ukiwa mbovu, usiongeze chochote, tena toa gharama ya kubomoa. Fundi awe wako, na umlipe siku yake hata usiponunua, ili asilazimike kukusifia nyumba apate kazi. Bei za saruji, nondo na bati zihesabiwe zikiwa zimefika Kiranjeranje, si dukani Dar es Salaam. Mimi huongeza robo juu ya hesabu hiyo, maana ukuta ukifunguliwa hutoa mambo mapya.

Nyumba mbovu nyingi ni za urithi, ndiyo maana zimekaa bila matunzo. Mwombe muuzaji barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kama anauza nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake. Ardhi ikiwa ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji; saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Muuzaji akiwa na haraka na masika bado mbali, mpe sehemu ya bei, iliyobaki mwandikishane kwa maandishi kwamba ataipata mvua zikiisha, mbele ya mashahidi, na tarehe mliyobandika donge iandikwe humo humo.