Darasa, Ngeli au Kiolezo? Istilahi za Lugha ya ABAP

ABAP ni lugha ya kuandikia programu za biashara, iliyobuniwa na kampuni ya SAP ya Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliongezewa mfumo wa vitu, ambao istilahi zake zataka hadhari.

Tuchukue mfano wa ankara. Kwanza huandikwa maelezo ya ankara yoyote: sifa zake, kama namba na kiasi, na matendo yake, kama kukokotoa jumla. Kwa maelezo hayo huundwa ankara mojamoja, yaani vitu. Kuyaita maelezo hayo “darasa” ni kutafsiri neno na kuiacha maana. “Ngeli” nayo haifai, kwani ngeli huainisha nomino, haiziumbi. Lifaalo ni “kiolezo”, ambacho hutangulia kitu kinachofanyizwa.

Kwa usitiri, kiasi hakiguswi ila kwa matendo yaliyoruhusiwa. Kwa urithi, kiolezo cha ankara ya ng’ambo hupokea yote ya mzazi wake mmoja, kisha huongeza ushuru. Mzazi hapungukiwi, kwani huu ni urithi wa sura, si wa shamba. Tena, amri moja ya kukokotoa huweza kuitikiwa na kila ankara kwa namna yake.