Maneno ya Kijerumani yasikutoroke: tumia boksi

Wadau, wengi mnauliza jinsi ya kukariri maneno ya Kijerumani kabla ya mtihani wa A1. Ada yake si ndogo, na ukifeli unalipa upya. Kukesha na daftari usiku mmoja hakulipi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akaeleza mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, baadaye polepole. Dawa ni kurudia pale neno linapotaka kuponyoka.

Sebastian Leitner alikuja na boksi la kadi, kwenye kitabu chake cha 1972. Mimi nafanya hivi: mbele ya kadi "ufunguo", nyuma "der Schlüssel" (hiyo "der" usiiache!). Boksi lina vyumba 3: cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu kila wiki. Ukipata, kadi inasonga mbele. Ukikosa, inarudi mwanzo, hakuna kujipendelea. Jibu kabla ya kugeuza. Hivyo muda wako mwingi unaenda kwa maneno magumu, sio unayoyajua tayari.

Mwenye kompyuta ajaribu Anki, programu ya bure iliyotoka 2006. Inakupangia siku yenyewe. Anza na kadi 10 kwa siku.

Nyie mnatumia mbinu gani? Mwageni hapo chini.