Maltese na Hesabu ya Chapati Moja

Maltese mzima ana uzito wa kilo 3 hivi, 4 akiwa amejaaliwa. Mpe chapati moja ya mafuta, ile ya kawaida ya mgahawani, na tayari ameshakula kalori za siku nzima. Nyama hajaonja, mfupa hajatafuna, wala mtoto wa nyumbani hajamdondoshea biskuti chini ya meza. Nimeanzia hapo kwa sababu karibu kila tatizo la kumlisha mbwa huyu mweupe wa sebuleni linatokana na udogo wake, na udogo huo una hesabu yake.

Mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyekuwa akifanya utafiti Davis, California, alikusanya vipimo vya wanyama kuanzia njiwa na panya hadi ng'ombe. Akaona kwamba nishati anayoitumia mnyama akiwa amepumzika haipandi sambamba na uzito wake. Mnyama akiwa mzito mara 10 zaidi, nishati hiyo huongezeka mara 5 na nusu tu au zaidi kidogo. Madaktari wa mifugo wanaitumia kanuni hiyo hadi leo: chukua uzito kwa kilo, uupe kipeo cha 0.75, kisha zidisha kwa 70. Maltese wa kilo 3 anapata kalori 160 za kumweka hai tu. Aliyehasiwa na anayeishi ndani huzidishiwa kwa 1.4 hadi 1.6, basi anafika kati ya 220 na 260. Kwa kila kilo ya mwili, Maltese aliyelala anachoma kalori 53, na mbwa mkubwa wa ulinzi wa kilo 30 anachoma 30.

Kwa hiyo ana njaa ya haraka na bakuli dogo. Yai moja la kuchemsha lina kalori 70 na ushei, karibu theluthi ya posho yake. Ndiyo maana kumpimia kwa kikombe ni kubahatisha: chakula kikavu cha dukani anachohitaji kwa siku ni gramu 65 hivi, na mkono ukiteleza ukaongeza gramu 10 kila siku, mwaka haupiti kabla hajawa mnene. Mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, inafanya kazi nzuri kuliko kikombe chochote.

Hatari ya upande wa pili ni ya watoto. Mtoto wa Maltese wa wiki nane anaweza kutoshea kwenye kiganja. Ini lake ni dogo, na sukari ya akiba iliyomo, glaikojeni, inamtosha kwa saa chache. Misuli ya kuazima hana, mafuta chini ya ngozi hana, huku ubongo wake, mkubwa ukilinganisha na mwili, ukidai sukari bila kusubiri. Akikosa mlo mmoja kwa sababu ya safari, baridi au woga wa nyumba mpya, dalili zinafuatana: anazubaa, anayumba kama mlevi, fizi zinapauka, mwili unatetemeka, kisha degedege. Mwenye nyumba hudhani ni sumu au pepo. Cha kwanza ni kumpaka asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa ncha ya kidole. Asimiminiwe mdomoni kama amezimia, maana yataingia mapafuni. Halafu daktari, siku hiyohiyo. Kinga yenyewe haina siri: milo minne au zaidi kwa siku hadi afikishe miezi mitatu au minne, na wa mwisho uwe karibu na saa ya kulala.

Lakini yapo mambo ambayo ratiba ya chakula haiyamalizi. Maltese ni mmoja wa mbwa wanaorithi hitilafu ya mshipa wa ini. Damu inayotoka kwenye utumbo, imebeba virutubisho pamoja na taka za mmeng'enyo, inatakiwa ipite kwenye ini ikachujwe kwanza. Kwa mbwa mwenye hitilafu hii kuna mshipa wa pembeni, mara nyingi nje ya ini lenyewe, unaoichepusha damu hiyo na kuipeleka moja kwa moja kwenye mzunguko mkuu. Bakteria wa utumbo wakivunja protini hutoa amonia. Amonia isiyochujwa hufika kwenye ubongo. Mmiliki makini huona kitu cha ajabu: mbwa anakula nyama kwa furaha, na baada ya saa moja au mbili anazunguka ovyo, anadondosha mate, anasukuma kichwa ukutani. Wengi wa mbwa wenye hitilafu hii hubaki wadumavu.

Kipimo cha kawaida ni cha asidi za nyongo kwenye damu, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Hapa Maltese wana vituko vyao. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Australia walionyesha kwamba Maltese wasio na mshipa huo nao hutoa majibu ya juu kuliko mbwa wengine, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kumhukumu mbwa. Picha ya mshipa itafutwe. Ukithibitika, nyama nyekundu hupunguzwa, yai, soya na maziwa mtindi huchukua nafasi, na dawa ya laktulozi husaidia kuinasa amonia humohumo utumboni. Mara nyingi tiba kamili ni upasuaji. Njia moja hutumia pete inayovishwa kwenye mshipa. Ndani ya pete kuna kasini, protini ya maziwa, inayovimba taratibu hadi njia ifungwe kwa wiki kadhaa, ili ini lipate muda wa kuzoea mzigo.

Sasa twende jikoni, maana wengi wetu tunapika. Ugali si dhambi. Mwaka 2013 Erik Axelsson wa Uppsala na wenzake walionyesha kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kongosho cha kuvunja wanga, na mbwa wa nyumbani ana kati ya 4 na 30. Karne za kuokota makombo ya wakulima zimeandikwa kwenye damu yake. Kinachokosekana kwenye sufuria ya ugali na nyama ni kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi zaidi ya mara 10 ya kalsiamu, na mwili ukiona hivyo unaanza kuchota kwenye mifupa na taya. Maltese wa kilo 3 anahitaji gramu 0.3 hivi kwa siku, kiasi kinachopatikana katika chini ya gramu moja ya unga laini wa ganda la yai. Hata hivyo ganda halileti zinki, shaba wala vitamini E. Mwaka huohuo wa 2013 wataalamu wa Davis walipima mapishi 200 ya mbwa kutoka vitabuni na mitandaoni. Asilimia 95 yalikosa walau kirutubisho kimoja muhimu. Ukiamua kupika, omba mtaalamu akupangie mchanganyiko, usiufuate wa jirani.

Vitunguu viondoke kabisa. Gramu 15 za kitunguu maji kwa kila kilo ya mbwa zinaweza kuanza kuharibu chembe nyekundu za damu, na kwa mbwa wetu hizo ni gramu 45, nusu ya kitunguu cha kachumbari. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Mchuzi wenyewe una madhara. Zabibu kavu, chokoleti, makadamia na peremende zenye zailitoli ziwe mbali naye pia.

Na yale madoa mekundu chini ya macho, ambayo huuzwa nayo vyakula na unga wa kila aina? Ni pofirini, mabaki yenye madini ya chuma yanayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, yanatoka na machozi na kuonekana tu kwa sababu manyoya ni meupe. Kubadilisha chakula hakuyagusi mara nyingi. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni zilizokuwa zikiuza bidhaa za kuondoa madoa hayo zikiwa na tailosini, antibiotiki ambayo haikuidhinishwa kwa kazi hiyo. Machozi yakizidi, atazamwe njia za machozi na kope zinazogeukia ndani. Yakiwa ya kawaida, kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kinatosha, asubuhi na jioni, na manyoya ya pale yakatwe mafupi.