Je, Wajua? Mzee wa Ponderosa na Wanawe Watatu

Kwanza unausikia muziki: magitaa yanakwenda mbio kama kwato. Ramani kuukuu imetanda kioo kizima, katikati yake panashika moto, tundu linapanuka, na humo ndani wanatokea wanaume juu ya farasi, nyuso zimejaa furaha. Aliyeiona Bonanza, kile kipindi cha kauboi cha televisheni ya Marekani, hata mara moja hawezi kuisahau sekunde ile. Mimi niliiona utotoni, kwenye mkanda wa video uliokuwa umechakaa kwa kurudiwarudiwa, na mpaka leo nikiusikia ule muziki naacha ninachofanya, naketi.

Je, wajua kwamba ramani ile ilikosewa? Mchoraji wake, Robert Temple Ayres, aliuweka mji wa Reno magharibi mwa Carson City, ilhali Reno uko kaskazini. Ramani halisi ilikaa miaka mingi ukutani kwa David Dortort, muasisi wa kipindi, kabla ya kupelekwa kwenye Makumbusho ya Autry, Los Angeles.

Je, wajua maana ya jina lenyewe? Siku hizi sisi tukisema bonanza tunawaza vijana wa mtaani, jezi na kombe la Jumapili. Kwa Kihispania bonanza ni bahari shwari. Wachimba madini wakalichukua kuitia mshipa mnono wa fedha au dhahabu, na jirani na Ponderosa, ranchi ya akina Cartwright wa kwenye kipindi, ndipo ulipo Virginia City, mji ulioibuka baada ya kugunduliwa kwa fedha ya Comstock mwaka 1859. Jina linamkaa vizuri mwenye ranchi, Mzee Ben Cartwright, maana kabla ya kufuga ng'ombe alikuwa baharia.

Kipindi kilianza kurushwa na kituo cha NBC tarehe 12 Septemba 1959, na tangu siku hiyo kilikuwa cha rangi, wakati nyumba nyingi za Marekani zilikuwa bado na televisheni za nyeusi na nyeupe. Sababu ilikuwa biashara. NBC ilikuwa mali ya kampuni ya RCA, na RCA walikuwa wakiuza televisheni za rangi. Misonobari na maji ya buluu ya Ziwa Tahoe yalikuwa tangazo tosha. Kipindi kilikoma Januari 1973, mwaka uleule Zanzibar ilipofungua televisheni yake, nayo ikaanza na rangi moja kwa moja.

Je, wajua kwamba "baba" alimzidi "mwanawe wa kwanza" miaka 13 tu? Lorne Greene, yaani Ben, alizaliwa Ottawa, Kanada, mwaka 1915. Pernell Roberts aliyekuwa Adam na Dan Blocker aliyekuwa Hoss walizaliwa wote mwaka 1928. Michael Landon, kitinda mimba Joe, alizaliwa mwaka 1936. Hata hivyo Greene akitamka neno moja tu kwa ile sauti yake, unaamini kabisa kwamba hao ni watoto wake.

Sauti ile ilikuwa na historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Greene alikuwa msomaji habari wa redio ya taifa ya Kanada, na kwa jinsi habari zenyewe zilivyokuwa nzito, wasikilizaji walimbandika jina la Sauti ya Maangamizi. Alibuni pia saa inayohesabu kurudi nyuma, ili mtangazaji aone zimebaki sekunde ngapi. Mwaka 1964 wimbo wake Ringo ulishika namba moja Marekani, ingawa humo anasimulia zaidi kuliko kuimba. Na mkitazama tena tamthilia ya Roots ya mwaka 1977, mwangalieni bwana anayemnunua Kunta Kinte. Ndiye yeye.

Watoto watatu, mama watatu. Adam ni wa Elizabeth, Hoss ni wa Inger kutoka Sweden, Joe ni wa Marie wa New Orleans, na mama hao wote watatu walifariki. Hapo ndipo utamu wa Bonanza ulipo kwangu. Picha nyingi za kauboi zinamfuata steringi asiye na kwao, anaingia mjini, anapiga risasi, anaondoka. Hawa walikuwa na kwao. Waligombana mezani na kutaniana, wakamvamia kwa pamoja aliyemgusa mmoja wao, na jioni wakarudi nyumbani kwa baba.

Anayewapikia ni Hop Sing. Mwigizaji wake, Victor Sen Yung, alizaliwa San Francisco na kusoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lakini aliandikiwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika ili watu wacheke. Alistahili zaidi ya hapo. Julai 1972 alikuwa abiria kwenye ndege iliyotekwa California, akapigwa risasi, akapona. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu chake cha mapishi.

Nguo hazibadiliki! Adam na nyeusi yake, Joe na koti la kijani, Hoss na kofia ndefu. Kwa hiyo vipande vya zamani vya kupanda farasi viliweza kutumika tena katika sehemu mpya na mtazamaji asigundue.

Farasi wa Ben aliitwa Buck, wa Adam Sport, wa Hoss Chub, na wa Joe ni Cochise mwenye mabaka meupe. Kipindi kilipoisha Greene alimnunua Buck, akampeleka kituo ambako watoto wenye ulemavu hupanda farasi kama tiba.

Je, wajua kwa nini kanda nyingine zina picha ileile na muziki wa ajabu? Sehemu kama 31 za mwanzo zilipoteza hakimiliki, kila mwenye mashine akazinakili. Wimbo wa Jay Livingston na Ray Evans, waliotunga pia Que Sera, Sera, haukupoteza hakimiliki, basi waliozinakili wakaweka muziki wao. Bonanza bila wimbo wake ni pilau bila bizari.

Sasa hili ndilo ningependa kila anayewapenda watu hawa alijue. Januari 1964 Greene, Blocker na Landon walialikwa kwenye maonyesho ya biashara Jackson, Mississippi. Weusi na weupe wangeketi mbalimbali. Wanaharakati vijana wa mji ule walikuwa wakiwaandikia wasanii kuwaeleza hali ilivyo, na barua ikawafikia pia akina Cartwright. Wakakataa kwenda. Wabaguzi wakahimizana kuzima televisheni Bonanza ikianza. Msimu uliofuata Bonanza ikawa kipindi cha kwanza kwa watazamaji Marekani nzima, ikashika nafasi hiyo misimu mitatu mfululizo. Naye Pernell Roberts, Machi 1965, alikuwa miongoni mwa walioandamana na Martin Luther King kutoka Selma kwenda Montgomery.

Dan Blocker alikuwa na kimo cha sentimita 193 na uzito wa kilo 130 na ushee, shahada ya uzamili, na kazi ya ualimu kabla ya uigizaji. Alipigana Korea, akajeruhiwa. Hoss alikuwa jitu linaloona haya mbele ya wasichana na kulia akiona mnyama anaumia, na Blocker hakumfanya kichekesho hata siku moja. Alifariki ghafla tarehe 13 Mei 1972, baada ya upasuaji wa nyongo, akiwa na miaka 43. Mwanawe Dirk ndiye Hitchcock wa Brooklyn Nine-Nine.

Landon alikuwa ameandika sehemu ambamo Hoss anaoa. Baada ya msiba aliiandika upya na kuiongoza mwenyewe. Ikaitwa Forever, ikarushwa Septemba 1972. Harusi ikahamia kwa Joe, mkewe Alice anauawa, na Joe anabaki na kilio. Mimi siwezi kuitazama kama hadithi tu. Namwona mtu anayemlilia rafiki yake.

Miezi minne baadaye kipindi kikakoma, sehemu 431 zikiwa zimekwisha kurushwa. Greene alifariki 1987, Landon 1991. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote ni Pernell Roberts, yule aliyejitoa mapema kabisa, mwaka 1965. Alifariki Januari 2010 akiwa na miaka 81. Ponderosa hawakumchimbia Adam kaburi. Aliyeuliza habari zake aliambiwa yuko safarini.