Saa 36 za Mapumziko: Gisenyi, Kibuye au Cyangugu?

Askari aliyekabidhi zamu yake Ijumaa jioni, akapewa ruhusa ya kurejea kazini Jumatatu alfajiri, ana mali adimu mkononi. Mali hiyo haihesabiwi kwa faranga bali kwa saa. Akiondoka nyumbani kwake Gitega, katika Wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali, saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, na kurejea saa kumi na mbili jioni ya Jumapili, atakuwa na saa 36 tu za kustarehe pamoja na jamaa zake. Katika hizo, sharti aondoe saa za njiani.

Aghalabu mapumziko ya namna hii huharibika kabla hayajaanza. Mtu huchagua mji kwa sifa aliyoisikia kambini au kituoni, wala hafanyi hesabu ya muda, ya mfuko, na ya uchovu alio nao mwilini. Hurejea Jumapili usiku akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na watoto wake wakiwa wamemwona amelala ndani ya basi.

BAHARI I MBALI

Atakayetaja pwani atafikiri kwanza Dar es Salaam au Mombasa. Lakini kutoka Kigali hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400, na Mombasa ni mbali zaidi. Hizo ni safari za likizo ndefu. Kwa siku mbili, pwani yetu ni Ziwa Kivu, lililoko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lenye kina kinachokaribia mita 480. Halina mamba wala viboko, na hewa yake ni ya ubaridi wa kupendeza.

Miji mitatu ya ukingo wake hugombewa na wasafiri: Gisenyi kaskazini, Kibuye katikati, na Cyangugu kusini. Tangu mwaka 2006 wilaya zake zinaitwa Rubavu, Karongi na Rusizi, ingawa majina ya zamani yangali vinywani mwa watu. Mabasi ya kwenda huko huanzia Nyabugogo, bondeni, si mbali na Gitega.

MIJI MITATU, HESABU TATU

Gisenyi ndiyo yenye sifa kubwa kuliko zote. Ni mwendo wa saa tatu hadi nne kupitia Musanze, na msafiri akijaliwa anga safi huiona milima ya volkeno, mkubwa wao ukiwa Karisimbi wenye mita 4,507. Ufuko wake una mchanga ambao watoto huufurahia sana, na jioni mji huchangamka. Hata hivyo, Gisenyi imepakana na Goma, na huo ni mji wa mpaka. Mtu ambaye kazi yake ni kukagua, kulinda na kushuku atajikuta akiwatazama wapita njia kwa jicho lile lile la kazini. Tena haifai kwenda huko bila ya kusikiliza kwanza habari za usalama mpakani na za volkeno. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba hata upande wa Rubavu.

Cyangugu ina uzuri wa pekee. Njia yake hupita Huye na kuukata msitu wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko ndiko Mto Rusizi unakotoka ziwani kuelekea Tanganyika, na Bukavu huonekana ng'ambo. Lakini safari ni ya saa sita hivi. Kwenda na kurudi ni saa 12, yaani theluthi moja ya ruhusa yote. Huo ni mji wa kutembelewa na mwenye likizo ya juma zima.

Kibuye hufikiwa kwa muda wa saa tatu hivi kupitia Muhanga. Barabara ina kona nyingi, basi mwenye watoto wanaotapika garini asiwashibishe kabla ya safari. Ukingo wake si wa mchanga mrefu. Ni ghuba, rasi na visiwa vidogo vilivyofunikwa na miti. Kelele ni chache, na hakuna mpaka wa nchi kavu wa kutazamwa. Jua linapotua, wavuvi wa sambaza huondoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wakipiga kasia kwa nyimbo, na usiku taa zao hutapakaa juu ya maji. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mnamo mwisho wa miaka ya 1950, na sasa ndio kitoweo kikuu cha ukingo huo. Wakikaangwa wakali, huliwa wazima wazima.

Hata hivyo, utulivu wa Kibuye usimfanye mgeni asahau. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kanisani, pale pale juu ya rasi, na katika uwanja wa michezo wa Gatwaro, waliuawa kwa maelfu. Avaaye sare, ambaye kiapo chake ni kuwalinda raia, hana budi kusimama hapo dakika chache kwa heshima kabla ya kuteremka majini.

KALENDA NA TAHADHARI

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya Umuganda. Shughuli husimama hadi saa tano asubuhi, na anayekusudia kuondoka baada ya hapo hupoteza karibu nusu ya siku. Achague juma jingine. Tiketi ikatwe Ijumaa, na bei ya chumba na chakula iulizwe kabla ya kushusha mizigo. Cheti cha ruhusa kiwe mfukoni, na mkuu wa kikosi ajue uendako.

Ziwani, kina huongezeka ghafla. Ujasiri wa kazini haumfundishi mtu kuogelea, na pombe haimsaidii. Kila apandaye mashua na avae jaketi la kuokolea. Upande wa kaskazini, hasa karibu na Goma, kuna mabonde yenye mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutulia chini bila ya kuonekana. Huua mtu na mnyama. Mwenyeji akisema mahali fulani hapaendwi, asibishwe.

Kwa maoni yetu, basi, mwenye saa 36 na mwili uliochoka aende Kibuye. Mwenye watoto wanaolilia mchanga, na habari za mpaka zikiwa njema, aende Gisenyi. Cyangugu ingoje likizo. Na ambaye mfuko haumruhusu hata kidogo, Ziwa Muhazi liko mwendo wa saa moja hivi kutoka Kigali. Anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Jamaa zake wamemkosa kwa zamu nyingi. Wanachomwomba ni siku mbili ambazo yumo miongoni mwao, macho wazi, na moyo umetulia.